Ba wa Barabara ya Pili na Fimbo ya Kushoto

Enzi zetu pale Tanga, mtu akitaka kuhakikisha jambo hakuchomoa simu mfukoni. Alikwenda kwa Ba.

Ba alikuwa mama wa Kigujarati aliyekaa nyumba ya mbele, Barabara ya Pili, na sisi tulipanga vyumba vya uani. Kwa lugha yao Ba ni mama, tena mama wa heshima, na mtaa mzima ulimwita hivyo, kuanzia muuza mkaa hadi imamu wa msikiti wetu. Cherehani yake ilikaa mlangoni, ikinuka mafuta ya mashine, udi na bajia za jana. Alishona huku akizungumza, tena Kiswahili cha Tanga hasa, cha kuvuta maneno kama mtu anayetandaza kitambaa mezani. Ukikaa karibu yake kumshikia pindo la pazia, ulilipwa kashata ya ufuta na jambo moja la ajabu kuhusu India. Kashata tulikula papo hapo. Lile jambo tulikwenda kubishania shuleni.

Kwa Ba ndiko nilikojua kwamba kuna Wahindi wasiokula viazi. Nyumba ya pili walikaa Wajaini, watu ambao dini yao inawakataza kuua hata sisimizi. Hawakula kiazi, kitunguu, saumu wala karoti, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vidudu vilivyojificha humo. Na chakula cha jioni walikimaliza kabla jua halijazama, kidudu kisije kikaangukia sahani gizani. Sisi tukiwa uani tunacheza kombolela, anga ikianza tu kuwa nyekundu, tulipiga kelele kwa pamoja: "Jua linakwenda! Jua linakwenda!" Baba wa nyumba ile, mwenye duka la vitambaa, alisikika akitafuna mbio huku akicheka.

Siku moja mama yangu alimtania Ba: "Nyie Wahindi mmezaliwa na pilipili mkononi."

Ba akasimamisha cherehani. "Mama Sefu, pilipili hii si ya kwetu. Wareno ndio walioileta kwa meli, kutoka Amerika huko. Na nyanya vilevile. Na viazi. Wazee wetu wa zamani walikula pilipili manga, na maisha yakaenda."

"Toka hapa, Ba!"

"Haki ya Mungu."

Mama alipika siku hiyo akitikisa kichwa kila alipofungua sufuria.

Tulipocheza nyoka na ngazi, Ba alitwambia mchezo ule ulitoka kwao, na kwamba zamani haukuwa mchezo tu bali mafunzo ya dini. Kila ngazi ilikuwa jambo jema, kama imani au ukarimu, na kila nyoka alikuwa uovu, kama uongo au hasira. "Na nyoka walikuwa wengi kuliko ngazi," alisema, akimtazama mjukuu wake Jyoti, msichana wa rika langu, ambaye wakati huohuo alikuwa anasukuma kete yake mbele kwa kidole cha mguu. Jyoti alikuwa mwizi hodari wa michezo yote. Kwenye gololi, kwenye rede, kwenye mdako, ulikuwa humwezi.

Lakini jambo lililonigharimu ni lile la watu weusi wa Gujarati. Ba alisema huko kwao wapo watu wa asili ya Afrika, wanaongea Kigujarati kama yeye na wanapiga ngoma kama sisi. Wazee wao walivushwa bahari, wengi wao watumwa, na wengine wakapanda wakawa majemadari na watawala. Kuna ngome yao katikati ya maji ambayo adui alijaribu na kujaribu, hakuiteka. Nilikimbia nayo shuleni habari hii kama mtu aliyeokota dhahabu. Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Nikapewa jina la Maharaja, na nililivaa hilo jina mpaka kidato cha nne. Nilipomlalamikia Ba, alikata uzi kwa meno akasema, "Waache wacheke. Ukweli haukimbii."

Basi ukafika ule msimu wa sikukuu ya usiku tisa, ambamo Wahindu wanamwadhimisha Mungu kwa sura ya mama. Hilo nalo lilitushangaza: mama, tena mwenye panga! Uani kwetu palifagiliwa, taa za rangi zikatundikwa kwenye kamba za kuanikia nguo, na katikati ukawekwa mtungi mdogo wa udongo wenye matundu, ndani yake taa inawaka. Ba alitueleza kuwa mtungi ule ni tumbo la uzazi, na ile taa ni uhai uliomo. Watu wakauzunguka wakicheza, na baadaye zikatoka fimbo za dandiya, mbili mbili, zilizofungwa kanga chakavu mwishoni, ambazo ndizo panga za yule mama. Unasimama uso kwa uso na mwenzako, mnagonganisha fimbo, mnageuka, mnagonga tena, unasogea kwa mwingine. Ngoma inaanza polepole kama mtu anayetwanga, halafu inakolea mpaka huoni mikono.

Mama yangu hakunizuia. Alisema tu, "Cheza, lakini isha isikupite." Nikaswali mbio, nikacheza taratibu.

Ba mwenyewe ndiye aliyetufundisha, watoto wote wa ua ule, Wahindi kwa Waswahili. Na Ba alikuwa wa mkono wa kushoto. Alikatia mkasi kushoto, alikunia nazi kushoto, na fimbo ya kwanza aliipiga kwa kushoto. Sisi tuliona hiyo ndiyo dandiya. Hatukujua kwamba dunia nzima inaanza kulia. Nilipofika kidato cha pili, familia ya Ba ilihama na cherehani yake, na uani pakawa kimya hadi leo nikipakumbuka masikio yanawasha.

Mimi nami sikutulia. Nimekaa Mombasa, nimekaa Maskati, nimefika Toronto nikisema ni mwaka mmoja tu. Sasa nakaa ghorofani Flemingdon Park, kazini ni Malton kwenye maghala ya mizigo ya ndege, na nina binti wa miaka kumi na mitatu, Zuhura, anayenielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza. Ninayoandika hapa ya kwake nimeyageuza Kiswahili mwenyewe, na utamu kidogo umepotea.

Zuhura hana imani na simulizi zangu. Nikisema "enzi zetu" tu, kidole kinakwenda kwenye simu. Msimu wa majani kupukutika, tukiwa ndani ya gari, nikamtajia Wajaini na viazi. Akatafuta. "Kweli," akasema, kama mtu aliyeumia. Nikamtajia pilipili na Wareno. Kweli. Nyoka na ngazi. Kweli. Watu weusi wa Gujarati na ngome yao ndani ya maji. Akasoma, akanionyesha picha: kuta zimesimama juu ya bahari, nzito, hazijatetereka. Niliegesha gari kando ya barabara. Darasa zima la Tanga lingekuwa siti ya nyuma, ningewageukia mmoja mmoja.

"Sawa," alisema Zuhura. "Lakini kwamba wewe, baba, ulikuwa unacheza dandiya, hilo simu haina. Hilo umetunga."

"Mimi?"

"Wewe kwenye harusi unacheza kama unatafuta funguo."

Rafiki yake wa shule, Hetal, alikuwa amemwalika kwenye dandiya ya Jumamosi, ukumbini kule Malton. Hapo hapo tukawekeana sharti. Usiku huo nikicheza wimbo mmoja mzima, wowote ule, bila kukosa pigo, Zuhura ataongea nami Kiswahili nyumbani mpaka theluji iyeyuke. Nikishindwa, sitatamka tena "enzi zetu" maisha yangu yote. Nilikubali kwa haraka kuliko nilivyopaswa. Ukimnyima mtu kama mimi neno hilo, umemnyima nini kingine? Mji sina, nyumba ya baba iliuzwa, na juu ya ule ua yamejengwa maduka. Kilichobaki ni kile kinachofuata baada ya "enzi zetu".

Ukumbi ulikuwa mkubwa kama ghala ninalofanyia kazi, umejaa sketi zenye vioo vinavyometa, na mlangoni watu wanavua makoti huku wakilaani baridi. Katikati, mtungi uleule wa matundu, taa ndani. Nikachukua fimbo, nikaingia mstarini, Zuhura na Hetal wakasimama juu ya viti na simu zimeinuliwa.

Ngoma ikaanza. Nikapiga kushoto. Mama aliyekuwa mbele yangu alipiga kulia, fimbo yangu ikapita hewani na yake ikatua kwenye vidole vyangu. "Samahani, bhai!" akasema, yaani kaka, akasogea. Aliyefuata, vilevile. Wa tatu alinikwepa kama baiskeli iliyokatika breki. Nikajaribu kuanza kulia, miguu ikagoma; mwili wangu haukuwa na habari hiyo. Wimbo ukaisha. Wimbo wa pili ukaisha. Kila nilipotazama kwenye viti, Zuhura alikuwa amejikunja kwa kicheko, na mara moja akanionyesha mdomo wake umefungwa kwa vidole, yaani, baba, jiandae kunyamaza.

Katika wimbo uliofuata nilikuwa nimekata tamaa, napiga tu ili nimalize. Mduara ukasogea, akanijia mama mmoja wa makamo, sari ya kijani, miwani, nywele zina mvi mbele. Nikainua kushoto. Naye akainua kushoto. Fimbo zikagongana *ta!* sawasawa, kama mlango uliopata komeo lake. Tukageuka, *ta!* tukarudi, *ta!* Alipaswa kusogea. Hakusogea.

"Nilikuona tangu upande ule," alisema kwa Kiswahili, akipumua kwa nguvu. "Nikasema huyu ama amelewa, ama ni mtoto wa Ba."

Mstari mzima ulikwama nyuma yetu. Nikamtazama miguu: kidole gumba kilikuwa kinatafuta kitu cha kusukuma.

"Jyoti? Mwizi wa kete?"

"Maharaja!" alipiga kelele mpaka ngoma ikasita.

Sina haja ya kueleza tulivyokumbatiana, na watu walivyotusukuma. Aliniambia Ba alifariki zamani, usingizini, mjukuu mdogo kamshika mkono ule ule wa kushoto. Nami kwa aibu yangu nikamweleza sharti nililoweka na binti yangu. Jyoti aliwatazama wale wasichana juu ya viti, akavuta pindo la sari kiunoni. Kumbe ni mmoja wa waandaaji. Akapanda jukwaani, akachukua kipaza sauti, akasema kwa Kigujarati halafu kwa Kiingereza kwamba wimbo wa mwisho utachezwa kwa heshima ya bibi yake, aliyewafundisha watoto wa mtaa mmoja wa Tanga, na kwamba katika wimbo huo kila mtu ataanza kushoto.

Jamani! Ukumbi mzima uligeuka vita. Mabingwa wa sketi za vioo waligongana vidole, vijana waliokuwa wakinikwepa wakapotezana mistari, mzee mmoja fimbo ilimtoka ikaruka ikatua kwenye sahani ya vitafunio vya chevda. Hetal alishuka kujaribu, akarudi kwenye kiti akinyonya kidole. Na mimi na Jyoti tulikata katikati ya ghasia ile kama tunateleza juu ya mafuta. Ngoma ilikolea, nikakolea nayo. Nilisikia cherehani ndani yake. Sikukosa pigo hata moja, kuanzia mwanzo hadi ngoma iliponyamaza, na iliponyamaza fimbo zangu zilikuwa juu, na jasho limenilowesha mgongo, na watu wanatupigia makofi.

"Si haki," alisema Zuhura. "Wote wamekosea isipokuwa nyie wawili."

"Ndiyo kushinda kwenyewe, mwanangu."

Amelipa deni lake vizuri. Kiswahili chake kinachechemea, kinachekesha, juzi aliniambia "baba, mlango unanilia baridi", na nimeelewa kabisa. Ndiyo maana nimeanza maandishi haya kwa lile neno, ninalo kihalali.

Enzi zetu majibu yalikuwa kwa mtu. Uliyafuata kwa miguu, ukashika pindo la pazia, ukayabeba nyumbani na harufu yake. Wanetu wanayo yote kiganjani, kwa haraka, na wanajua mengi kuliko sisi, siwaonei. Ila hakuna simu ambayo ingewaambia kwamba dandiya inaweza kuanza kushoto.

Theluji imeanguka wiki hii. Jana jioni nilirudi kutoka kazini nikasikia *ta! ta!* jikoni. Zuhura alikuwa amesimamisha simu kwenye kopo la sukari, Hetal yumo kwenye kioo na fimbo zake, naye ameshika miiko miwili ya ugali. Hakuniona. Alikuwa anasema kwa Kiswahili, halafu anamtafsiria mwenzake:

"Hapana, hapana. Anza tena. Kushoto kwanza. Kwetu tunaanza kushoto."