Mkubwa Hatangulii Kwenye Chipu

Miwani, kama walivyomwita nyumbani tangu akiwa mdogo, alifungua programu ya mashine asubuhi ile na damu ikamchemka. Mtu alikuwa ameigusa.

Karakana ilikuwa ya baba yake mdogo: vyumba viwili, meza zenye makovu ya kulehemu, na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Walikuwa wakitengeneza mashine ya kulinda watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Mtoto akiacha kupumua, king'ora kilie. Miwani aliandika upande wa pumzi, kaka yake akaandika upande wa kioo cha kuonyesha mawimbi ya pumzi. Ndani ya chipu kila upande ulikuwa na chaneli yake, yaani njia ya kupeleka data moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa, ubongo wa mashine. Njia ni nyingi, lakini mlango wa kumbukumbu ni mmoja, kwa hiyo sharti upange nani apite kwanza. Miwani alikuwa ameitanguliza pumzi. Sasa kioo kilikuwa mbele, na pumzi ilikuwa mkiani, nyuma hata ya taa.

"Kaka, umegusa chaneli zangu?"

"Zako?" Kaka hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Kioo kilikuwa kinakwamakwama. Halafu mimi ndiye mkubwa, nitapangaje foleni nyuma ya mdogo wangu?"

Alisema huku akicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomkera zaidi.

Miwani hakuwa mtu wa maneno. Aliunganisha pampu ndogo waliyoitumia badala ya mapafu, akaacha michoro ya kaka yake icheze, kisha akaizima pampu. Mawimbi ya buluu yakaendelea kupita kwenye kioo, mazuri kweli. Data mpya ilikuwa imekwama foleni, na prosesa, bila habari, ilikuwa ikisoma pumzi ya zamani. King'ora kilikaa kimya.

Hapo baba mdogo akaingia na muuguzi aliyekuja kuichukua mashine.

"Baba mdogo, mashine hii haiendi hospitali."

"Hasira hasara, mwanangu. Tuna mgeni. Ipelekwe, mtairekebisha wiki ijayo."

"Na watoto nao tuwaambie wasubiri wiki ijayo ndipo waache kupumua?"

Baba mdogo akakohoa. Kaka akaweka simu chini. "We Miwani, usituaibishe mbele za watu."

"Mficha uchi hazai, kaka." Akamgeukia muuguzi. "Dada, hebu tazama hapa."

Akaiwasha pampu, akaizima tena. Muuguzi aliyatazama mawimbi, akaitazama pampu iliyolala, akayatazama tena mawimbi. Alingoja king'ora mpaka kungoja kwenyewe kukawa aibu ya nyumba nzima.

"Mtoto huyu ameshakufa," alisema taratibu, na kuuweka mkoba wake sakafuni. "Siichukui. Nitakaa hapa mpaka ilie."

Baba mdogo alivuta kiti akamsukumia Miwani. Hakuna aliyeomba radhi, na yeye hakungoja. Aliandika kwa ghadhabu hata akakosea, akafuta, akaandika upya: pumzi kwanza, king'ora cha pili, taa ya tatu.

Kaka alisimama nyuma ya kiti chake. "Na mimi?"

"Wa mwisho," alisema bila kugeuka. "Ukikwama, kwama."