Kiolezo Nilichokivunja Kimaka

Mvule ukiungua kidogo chini ya kisu cha mashine hutoa harufu inayokaribia ile ya kahawa iliyokaangwa kupita kiasi. Likizo niliyokuwa na miaka kumi na mitatu ilinuka hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Baba alikuwa nyumbani, mgongo umemlaza, na karakana yetu ya Kimaka, hapa Jinja, ilikuwa mikononi mwa mdogo wake, Baba mdogo Ramadhani. Wakati huohuo ustadhi wa madrasa moja ya Nakaloke, mbele ya Mbale, aliagiza marufaa sitini ya kuwekea misahafu.

Kazi kama hiyo hufanywa kwa kiolezo, yaani kipande cha plaiwudi kilichokatwa umbo kamili na kubanwa juu ya ubao. Beringi ndogo iliyo kwenye kisu cha mashine huviringika ukingoni mwa kiolezo, na kisu hukata kwa kufuata umbo hilo. Mashine haijui kizuri wala kibaya. Baba mdogo alikata kiolezo chake asubuhi moja tu. Nilipopitisha kidole ukingoni, nikagusa kitu kama chunusi.

“Baba mdogo, hapa kwenye mguu pana nundu.”

“Mutoto wa kike anafundisha mwanaume kazi? Fagia huko!”

Nilifagia. Kufikia Ijumaa marufaa kumi na mawili yalikuwa tayari, yote yana nundu ileile, yote yanayumba mezani. Alisema watoto watayaweka mkekani, nani ataona? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alikuwa anaujenga mbele ya macho yangu. Alipoinua ubao wa kumi na tatu, nilikinyakua kiolezo, nikakiegemeza kizingitini, nikakikanyaga kikavunjika vipande viwili. Kofi lake lilinipata papo hapo.

Alinikokota hadi kwa Baba. Baba, akiwa amelala chali, aliunganisha vipande kifuani pake, akapitisha dole gumba.

“Ramadhani, hii uliiona?”

“Niliiona, kaka. Ni kidogo tu.”

Baba aliviweka vipande kando, akanigeukia. “Omba radhi kwa mkubwa wako.” Sikuomba. Alinitazama sana. “Basi umekivunja, utakitengeneza wewe.”

“Huyu akishika mashine, mimi naondoka,” alisema Baba mdogo. Baba hakumzuia.

Siku tatu nilisugua plaiwudi kwa tupa na msasa, nikifumba macho ili kidole kiseme ukweli. Baba aliletwa karakanani, akakalishwa kitini. “Isukume mashine kinyume na kisu kinavyozunguka,” aliniambia. “Ukikifuata, itakunyang’anya.” Ilininyang’anya mara moja, ubao ukararuka. Nikabana ubao mwingine. Mwishowe hata yale kumi na mawili yenye nundu niliyakata upya.

Yule ustadhi alipokuja, aliyabonyeza marufaa moja moja. Hakuna lililoyumba. “Fundi ni nani?” Baba akaninyooshea kidole. Ustadhi alicheka, akamtazama Baba, akaona hatanii. Akarudia kubonyeza, sasa kwa nguvu zaidi, akitafuta kosa. Nilisimama pale pale mpaka la sitini.

Leo nina karakana yangu Mbale. Violezo vingine naletewa vimekatwa kwa kompyuta, laini kuliko vyovyote nilivyovisugua utotoni, na mashine zangu hazitetemeshi mikono kama ile ya Baba. Watu ndio hawajabadilika sana. Mteja huingia, akanipita, akauliza fundi yuko wapi. Zamani ningejieleza. Siku hizi namwacha aulize kila aliyemo, hadi nibaki mimi tu.