Kliniki Haikimbii

Simu ya msiba ilinikuta kwa kinyozi, hapa Kibaha, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado. "Yule mwenzetu wa masjala hatunaye," alisema aliyepiga. "Ameanguka nyumbani kwake Visiga, alikuwa anatia udhu wa alasiri. Presha." Kinyozi akaniuliza aendelee au aache, nami nikamwambia amalizie. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asije akanidhania mwema. Kesho yake tulimzika kwao Kisarawe, nyuma ya nyumba ya baba yake, penye mikorosho. Mkuu wake wa kazi akasimama kutoa wasifu, akasema marehemu katika maisha yake yote hakuwahi kukataa kazi. Watu wakatikisa vichwa kama waliosikia jambo zuri. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Kwa wasiomjua, alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, chumba kilichojaa majalada hadi darini. Mimi nilikaa chumba cha pili yake kwa miaka mingi, kabla sijaacha kazi ya mshahara nikaanza kuishi kwa kalamu. Alikuwa na desturi yake. Kila jioni kabla ya kufunga dirisha alikata kipande cha jalada kuukuu, akaandika mambo matano ya kesho, hata siku moja hayakufika sita, akakitia kwenye mfuko wa shati. Lililofanyika alilipiga mstari. Lisilofanyika alilinakili upya kwenye kipande cha kesho yake. Nilimwuliza kwa nini asitembee na kile cha jana tu, kuliko kupoteza wino. "Nikitembea nalo nitalizoea," alinijibu. "Nikiliandika upya, mkono unanisuta." Tulimcheka sana. Sisi tulitoka kwenda supu saa nne tukarudi saa tano na ushee tukichokonoa meno, yeye chai yake aliinywa kasimama, jicho kwenye rafu. Tukambatiza Bwana Kikaratasi, naye akaitika bila kinyongo.

Nakumbuka mama mmoja mtu mzima kutoka Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha, aliyekuwa akifuatilia jalada la kiwanja alichoachiwa na mumewe. Kila alipokuja aliambiwa arudi kesho, mpaka walinzi wakawa wanamwita mfanyakazi mwenzetu. Siku moja alikosea mlango, akaingia masjala. "Shikamoo mama," Bwana Kikaratasi alimwamkia. "Marahaba mwanangu. Nimeambiwa tena nije kesho." "Njoo kesho, mama. Lakini kesho unakuja kuchukua, huji kuulizia." Akatoa kikaratasi chake, akaandika mbele ya macho yake. Kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi jalada lilikuwa limepatikana. Lilikuwa chumbani kwetu, tumeliweka chini ya birika la chai lisichome meza. Yule mama aliomba dua ndefu pale koridoni, nasi tuliokuwa na birika tukaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku hizi elimu ya kujisimamia imejaa kwenye simu zetu. Kila unayemfungua anakuamrisha: amka saa kumi alfajiri, panga siku yako, badili fikra zako, utatenda makubwa. Siibezi elimu hiyo, kwa sababu nimemwona mtu aliyeiishi bila kulipia semina, na kwa kweli alitenda. Kinachoniudhi ni kipande wasichokisema. Katika ofisi zetu, zawadi ya anayemaliza kazi ni kuongezewa ya asiyemaliza. Mkuu alipoona masjala inakwenda, akaipelekea na barua za idara nyingine, kisha ripoti, kisha maandalizi ya vikao. "Mpe yule, atamaliza," ndiyo ilikuwa sera ya ofisi nzima. Wenye akili wakajifunza kuwa wazito, maana mzito hatumwi. Punda afe, mzigo ufike, na mzigo ulifika kila siku kwa wakati. Yale mambo matano hayakuongezeka kwenye kikaratasi, hilo alilisimamia. Ila polepole matano yale yakawa yetu sisi, yake yeye yakakosa pa kukaa.

Nasema yetu, kwa sababu nami nimo. Wasomaji wangu wa siku nyingi mmekuwa mkinisifu kwamba safu hii ni safi, haina neno lililokaa vibaya. Sifa hizo nilizipokea kwa mikono miwili, na hazikuwa zangu. Tangu nimeacha ofisi, kila wiki nilimtumia makala ambayo haijachanwa nywele, yeye akaikalia, akairudisha imenyooka. Hakuwahi kudai hata shukrani. Asubuhi ya siku aliyokufa nilimpigia simu mapema. "Leo nimeomba ruhusa, kaka," aliniambia. "Nina kliniki ya presha. Nimeshaikosa mara mbili." Nikamjibu kwa ule ulimi wangu ninaojivunia: "Kliniki haikimbii, ndugu yangu. Anayekimbia ni mhariri." Akacheka. Nilimsikia akishusha pumzi, kisha akasema, "Haya, lete." Makala ilirudi saa saba mchana, safi kama kawaida. Kliniki ile huona wagonjwa asubuhi tu.

Kwenye arobaini, baada ya kisomo, mjane wake aliniita pembeni, upande wa jikoni. Alikuwa na kikaratasi mkononi, alikitoa kwenye shati la marehemu kabla ya kulifua. Jambo la kwanza lilikuwa Kliniki. Juu yake, kwa wino tofauti, ilikuwa imechomekwa Makala, na Makala ndiyo iliyopigwa mstari. "Shemeji," alisema, "wewe ulikaa naye ofisini. Kuna mtu alimpigia simu asubuhi ile, akaacha chai mezani, akaenda kuwasha kompyuta. Hii makala ni ya nani?" Nilikuwa na jibu mdomoni. "Ni kazi za ofisi tu, shemeji," nikasema. "Unazijua ofisi zetu." Akanitazama, akakikunja kikaratasi taratibu, akanipakulia wali. Nikaula. Naona haya hadi leo kwa kila tonge.

Kama mnataka funzo, ninalo, na silipendi. Anayetaka kutenda mengi ajisimamie, sawa, lakini kwanza ajue kulinda jambo lake moja lisisukumwe na ya watu. Nasi tunaowazunguka watu wa namna hiyo tuache kuuona wema wao kuwa nafasi ya kuwatwisha mizigo yetu. Yule bwana aliweza kuutawala mkono wake, saa yake na usingizi wake. Kilichomshinda ni sisi, na sisi hatukuwa adui zake, tulikuwa marafiki. Leo safu hii imetoka bila kupitiwa na mtu, kwa hiyo mkiona makosa myaache yalivyo, ndiyo maandishi yangu halisi.

Tangu arobaini nami hukata kipande cha jalada kila jioni. Sina mambo matano, nina moja: kwenda kwa shemeji kumwambia makala ilikuwa yangu. Kila siku nimeliandika upya, na marehemu alisema kweli, mkono unasuta. Nilidhani nikilitoa hapa gazetini nitakuwa nimelimaliza. Nimeinua kalamu nilipige mstari, nikashindwa. Shemeji hasomi magazeti, na Visiga kutoka hapa nilipokaa ni mwendo wa dakika ishirini.