Vishungi Vitatu vya Mvi

Nesi amesema nisimame mbele. Nitakaa. Habari za mwili wangu ni ndefu na sitaki magoti yachoke kabla ya mdomo, maana mdomo wangu hauchoki, wanaonijua wanajua. Mimi ni Domitila, Mama Restuta, muuza maharage wa sokoni hapa Kibondo. Nimeitwa niwaeleze nilivyougua na nilivyopona.

Na humu ndani kuna binti mmoja, sitamtaja, aliyejifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Asubuhi pale bombani ameniambia dozi tatu zimemtosha, Mwanza harudi tena. Haya mwanangu, nakusimulia wewe. Hawa wengine wanasikiliza tu.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: maharage yangu ya njano na nywele zangu. Maharage nilichambua mwenyewe, sikumwachia mtu. Nywele nilisukwa kwa uzi kila Jumapili baada ya misa. Zilikuwa ndefu, nyeusi tii, isipokuwa vishungi vitatu vya mvi hapa mbele, juu ya jicho la kushoto. Vilinitoka nikiwa bado msichana wa watu. Binti yangu Restuta alinisumbua sana nizipake piko. Nikamwambia niachie, hizi ndizo kibao cha duka langu. Na ndivyo ilivyokuwa. Wateja wa Kakonko hawakujua jina langu, walikuwa wakishuka kwenye gari wanauliza, "Yule mama mwenye mvi mbele yuko wapi?"

Uvimbe ulianzia titi la kushoto. Ulikuwa kama punje ya maharage, ningeufananisha na nini tena? Haukuuma, na hapo ndipo uliponidanganya, kwa sababu mimi kisichouma nilikuwa sikiiti ugonjwa. Nikakaa nao tangu kupanda mpaka kuvuna. Ngozi ikaanza kuvutwa kwa ndani, ikawa na vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu ikageukia pembeni, ikatoa maji yenye damu. Nilichofanya? Nilikunja kitambaa, nikakiweka ndani ya sidiria, nikaenda sokoni.

Daktari wa hapa alinipapasa titi, akapapasa na kwapa. Akaniuliza, "Mama, limekaa muda gani?"

"Wiki mbili."

Akaniangalia. "Mama, hapa hatupatani bei. Sema kweli."

"Tangu kupanda," nikasema.

Akaniandikia rufaa ya Mwanza. Kule walilitoa titi lote. Niliamka kifua kimefungwa, upande mmoja mlima, upande wa pili uwanja, na mrija unatoka ubavuni unachuruzisha maji mekundu kwenye chupa. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili niliomba uji. Daktari wa kule, mwanamke mmoja asiyependa maneno mengi, akaniambia, "Umebakiza dozi sita za kemo, kila wiki tatu moja. Dawa inapita kwenye dripu, nayo haichagui, itaangusha na nywele. Nywele zitarudi. Ila ukikatisha katikati, ugonjwa nao utarudi, na safari hiyo sitakuwa na cha kukukata."

Kemo niwaambie ukweli wake. Mdomo wote ulitoka vidonda, hata maji yalichoma. Kucha zikawa nyeusi. Nilitapika mpaka nikatapika nyongo ya kijani. Choo kilikuwa kigumu, nikitoka huko nina jasho la mtu aliyelima. Yote hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni nywele.

Zilianza kutoka kabla ya dozi ya pili. Nilipitisha chanuo, shungi zima likaja nalo bila kuuma. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja, akawa anapita nyuma yangu anaokota. Kwenye mto, kwenye beseni, mlangoni. Sisi nywele za mtu hatuziachi zizagae, zinafukiwa au zinachomwa, asije akaziokota mtu mwenye nia mbaya. Lakini huyu mama sikumwona akifukia wala akichoma. Nilimwona anaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, anafunga kifuniko, anaingia nalo chumbani kwake.

Ee Imana, Mungu wangu! Moyo ulinipasuka. Mimi na mama mkwe hatukuwa tunaelewana, nisiwadanganye. Siku nyingi alikuwa akisema mwanawe ameoa mdomo. Nikajiambia, haya, leo amepata cha kupelekea mganga. Sikumuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza, nikawa nalala nalo kifuani upande uliobaki.

Nywele zilizobaki nikazinyoa kwa wembe, nikajifunga kitambaa, nikarudi kwenye meza yangu. Upepo ukakivua. Mteja mmoja mwanamke akaniona upara, akaweka sado ya kupimia chini, akanishika mikono yote miwili. "Pole sana, Mama Restuta. Mzee amefariki lini?"

Kwetu mwanamke akinyoa kipara ana msiba. Na huyo mzee aliyefariki, Baba Restuta, alikuwa amesimama nyuma yangu na gunia begani. Akasema, "Mama, mimi nipo." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kila niliposhika njia nilipewa pole. Kwenye basi la Mwanza, kutwa nzima, jirani wa kiti ananililia mume aliye hai. Niliporudi na dozi ya tatu nikawa siwezi hata kwenda kisimani.

Jirani yangu wa sokoni, Mama Sauda, muuza vitenge, akaniletea wigi. Moyo mzuri, Mungu ambariki. Lilikuwa jeusi, linang'aa kama sufuria mpya. Nikalivuta mpaka kwenye nyusi ili lisiache hata kijisehemu cha upara, nikajitazama kwenye kioo, nikaenda sokoni. Mbona watu walinitazama! Muuza nyanya akasema, "Jamani, leo tuna mgeni wa Dar." Lilikuwa linawasha, na nikigeuza kichwa lenyewe linabaki linaangalia mbele.

Basi akaja mteja wangu wa Kakonko, mzee ninayemuuzia miaka yote. Akasimama kwenye meza yangu mwenyewe, mbele ya maharage yangu, akaniuliza mimi, "Dada, samahani. Yule mama mwenye mvi mbele yuko wapi siku hizi?"

Nikamjibu, "Alikufa."

Sijui neno lilitoka wapi. Yule mzee akavua kofia. Akasema, "Maskini, alikuwa na maneno makali lakini kipimo chake kilikuwa cha haki." Akaondoka bila kununua. Nikafunga meza, nikaenda nyumbani, nikamwambia mume wangu kwamba dozi ya nne siendi. Akanisihi, nikamwambia aniache. Nilikuwa nimechoka kuwa maiti inayopanda basi.

Mama mkwe alikuwa uani anapepeta. Alisikia yote. Asubuhi nikamkuta amevaa kitenge chake cha safari. "Vaa, Mama Restuta. Tunakwenda kwetu Kasulu."

"Kufanya nini?"

"Vaa hilo sufuria lako, twende."

Nilidhani ananipeleka kwa mganga, na bado nilikwenda. Mtu akishakata tamaa hana ubishi, nyie mlioko humu mnajua. Kumbe alinipeleka saluni. Ndogo, ya mbao, mwenyewe ni mama wa Kikongo anayeitwa Mama Esperansi, amekuja kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akiwa mtoto, ameolewa hapo Kasulu. Maharusi wote wa mji wanapita mikononi mwake. Alinitazama, akaweka chanuo chini.

"Mama, ni nani alikuvalisha hii kofia ya polisi?"

"Nimejivalisha mwenyewe."

"Njo maana." Akalivua pole pole, akaona kipara, wala hakushtuka, wala hakunipa pole. Akanipangusa kichwa kwa kitambaa cha maji baridi. Hicho tu, nikahisi machozi.

Sasa binti yangu, sikiliza hapa, hapa ndipo penye kazi. Kwanza alinivisha kofia nyembamba ya soksi, wigi lisikwaruze ngozi. Wigi akaliosha kwa maji baridi, akalianika juu ya chungu kilichofudikizwa. Lilipokauka akalipaka poda kidogo sana, akaipukuta, ule mng'ao ukafa. Akaliweka kichwani, akapima vidole vinne kutoka kwenye nyusi. "Nywele ya mutu inaanzaka huku. Haianzake kwa jicho. Weye ulificha sana, njo maana balikuona." Akachukua kibanio cha nyusi, akang'oa nywele za mbele moja moja, huku na huku, mstari usiwe kama umepigwa rula. Akapunguza ncha kwa wembe, si kwa mkasi, zisilingane. Njia ya katikati akaipindisha kidogo, akaitia poda ya rangi ya ngozi yangu. Akachomoa vinywele viwili vitatu karibu na masikio, akaviacha vining'inie ovyo.

Kioo nikakitazama. Alikuwa mwanamke mzuri kabisa. Ila simjui.

"Iko muzuri," Mama Esperansi akasema, ameinamisha kichwa. "Lakini haiko weye. Inakosa nini?"

Nikamwambia, "Ni safi mno. Mimi nauza maharage. Gunia lisilo na hata punje moja iliyonyauka, mteja halinunui, anauliza yametiwa dawa gani."

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye benchi. Akafungua kikapu chake. Akatoa kopo la maziwa ya unga.

Akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na nywele zangu, zimechanwa, zimenyooshwa, na pembeni, zimefungwa kwa uzi mwekundu, mvi zangu zote. Amezichagua moja moja kutoka kwenye nyeusi, yeye na macho yake yale, kama anavyochambuliwa mchele wa sikukuu.

"Nilitaka kuzifukia, ndivyo tulivyofundishwa," akasema. "Nikachimba na shimo. Mkono ukakataa. Nikajiambia, huyu bado yupo, nitamzikaje nusu nusu?"

Jamani. Nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, nilidhani unaniloga."

"Najua ulivyodhani. Ungesema nisingeshangaa, ila safari hii hukusema, ndipo nikajua unaumwa kweli."

Mama Esperansi akachukua kasindano kake kenye ndoano, akazifunga mvi zile kwenye wavu wa mbele wa wigi, chache chache, vishungi vitatu, juu ya jicho la kushoto. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimwonyesha mahali. "Hapana, panda juu kidogo. Hapo. Cha tatu ni chembamba." Mimi mwenyewe sikukumbuka kwamba cha tatu kilikuwa chembamba.

Dozi ya nne nilikwenda. Kwenye basi nilikaa na mama mmoja wa Nyakanazi. Tulipofika mbali akaninong'oneza, "Dada, hizo mvi si ungezipaka piko? Bado kijana wewe." Nikacheka mpaka mshono ukavuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu kipara. Nikaenda ya tano. Ya sita nilikwenda na mama mkwe, akamwambia yule daktari wa maneno machache, "Nimekuja kumhesabia dripu ya mwisho."

Nilipopata nguvu nikarudi mezani. Yule mzee wa Kakonko akapita, akasimama, akarudi kinyumenyume.

"Mama! Si niliambiwa umekufa?"

"Nani amekuambia?"

"Yule dada mwenye wigi."

"Muongo yule," nikamwambia. "Nimeshamfukuza. Lete gunia."

Sasa ni mwaka wa tatu. Kila miezi sita napimwa. Nywele zimerudi, hizi hapa, guseni mkitaka. Zimerudi fupi, na mvi zimejaa hata nyuma. Namshukuru Imana, nawashukuru madaktari wale, mume wangu, Mama Sauda, Mama Esperansi. Mama mkwe yule pale mlangoni, amekuja kuhakikisha siongezi chumvi. Ushauri wangu ni mfupi. Ukipapasa ukakuta punje, usisubiri kuvuna. Na wakikupa dozi sita, ni sita.

Wewe mwanangu wa kanga, njoo hapa mbele. Usione haya, wote humu tumechunwa na dawa ile ile. Wigi langu nimekuletea. Nimeliosha, nimelitia poda, kofia ya soksi iko ndani. Vidole vinne kutoka kwenye nyusi, usisahau. Mvi sijazitoa. Nilitaka kuzitoa, msichana kama wewe mvi za nini. Mama akanikataza. Amesema waache wamuulize kwenye basi, maana anayeulizwa mvi haulizwi msiba.

Wakikuuliza, waambie ni za Domitila, amekuazima mpaka ya sita.