Ufuta Wote ni wa Kuuza

Wiki iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu kliniki hapa Ruangwa kupimwa uzito. Mbele yetu alikuwapo mama mmoja kutoka Mandawa. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amepungua uzito.

"Anakula nini?" nesi akamuuliza.

"Uji wa mahindi. Mchana ugali na mlenda."

"Mbadilishie vyakula, mama."

"Dada, vyakula mnavyosema viko Dar. Sisi tuna shamba tu."

"Shambani mmelima nini?"

"Mahindi, ufuta na mbaazi."

Nesi akaweka kalamu mezani. "Ufuta mnaufanyia nini?"

"Wa kuuza."

"Na mbaazi?"

Mama alimvuta mtoto kifuani, akawa anamfunga vifungo vya shati ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

Nesi hakumcheka. Alimweleza taratibu akaange ufuta kidogo, autwange, auchanganye kwenye uji. Mbaazi azichemshe mpaka zilainike, aziponde.

"Baba yake akiuliza ufuta umekwenda wapi?"

"Mwambie nimesema mimi. Akikataa, mwezi ujao uje naye."

Mama akatabasamu, akaondoka.

Zamu yetu ikafika, na mimi nikaulizwa mjukuu wangu anakula nini. Nyumbani kwangu magunia mawili ya ufuta yanasubiri mnada, na mtoto alikuwa ameamkia chai ya rangi na andazi. Mimi ninayewashauri wasomaji wa safu hii kila wiki nikajibu, "Vya kawaida tu."

Nesi akaiweka tena kalamu mezani.