Kucha za Uchaguzi Mdogo

Mbunge alipofariki na uchaguzi mdogo ukatangazwa, msusi wa pale njia panda alipata kibarua cha siku moja: kuwapaka wino vidoleni watu waliokwisha kupiga kura. Alifurahi mno, na wala si kwa ajili ya posho. Mama mkwe wake angekuja kupiga kura amkute ameketi kwenye meza ya serikali. Maana yule bibi, ukimuuliza mke wa mwanawe anafanya nini, hukujibu, "Yupo tu nyumbani." Saluni ina vioo, ina kikaushia nywele, ina rangi za kucha za kila aina, wateja wanagombania zamu, na bado yupo tu! Neno hilo lilimkaa msusi kooni tangu aolewe.

Kituo kilikuwa darasa la watoto wadogo, madawati yamesukumwa ukutani, meza ya wino karibu na mlango wa kutokea. Wa kwanza kufika alikuwa mke wa muuza mkaa. Msusi akamshika kidole, akakifuta kwa kitambaa, akapaka wino katikati ya ukucha, kisha huku na huku mpaka pembeni, akaupuliza ukauke. Mkono umeshazoea, utaufanyaje?

Basi wanawake wakawa wanatoka wamenyoosha vidole, wanaringa, na foleni imeganda mpaka uwanjani. Wakala wa mgombea mmoja akalalamika kwamba wanaorembwa ni wafuasi wa mpinzani wake. Wakala wa mpinzani naye akalalamika vilevile. Msimamizi wa kituo, kijana aliyebanwa na tai, akaja mbio.

"Dada, chovya tu, mtu aende! Ukimremba mwingine, unatoka humu."

Msusi akanywea. Akachovya, akachovya, foleni ikatembea. Aliomba Mungu asifukuzwe kabla mama mkwe hajafika.

Mama mkwe akafika. Alitumbukiza kura yake sandukuni, akaja mezani na fimbo yake. Alipoona kichupa cha wino kinasogezwa, akaurudisha mkono nyuma.

"Sichovyi mimi. Nipake kama ulivyompaka mke wa muuza mkaa, nimekutana naye njiani."

"Mama, wamenikataza. Watanifukuza."

"Nitembee kutoka kule mtoni, halafu nirudi na kidole kama nimeshika sufuria lenye masizi? Paka."

Hapo msusi alikwama. Kumkatalia mama mkwe mbele za watu, haiwezekani. Kufukuzwa bibi akiangalia, bora ardhi ipasuke. Akakishika kile kidole chenye ukucha mgumu, akaanza.

Msimamizi akainuka. "Dada, nilikuambia nini?"

Bibi hata hakumgeukia. "Kaa kwanza, baba," akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye foleni. "Mkwe wangu yuko kazini."

Darasa likaangua kicheko, msimamizi akakaa. Msusi macho yalimjaa machozi ya furaha, hata ukucha asiuone vizuri, na katika kucha zote alizopaka siku ile, ule wa mama mkwe ndio uliotoka ovyo kabisa.