Mkasi Ndani ya Pipa la Asali

Mkasi niliomtuhumu Mwanaidi kuuiba ulikutwa ndani ya pipa nililolitengeneza mwenyewe.

Hapa Singida Mjini tunatengeneza mapipa yanayozunguka ndani ya mashine za kukamulia asali. Tunabandika matabaka ya kitambaa cha faiba kwa gundi. Jana, mbele ya wafugaji nyuki, pipa jipya lilitikisika mpaka mashine ikahama. Nikasingizia sakafu.

“Zima, kaka, litapasuka!” alisema Mwanaidi, fundi mwenzangu. Akapiga msasa palipovimba, mpini wa mkasi ukachungulia. “Haya, mwizi nani?”

Wageni walicheka. Nilishusha pumzi, maana hakuna aliyeumia. Ila futi yangu ya kupimia nayo haionekani, na pipa tulilotangulia kuuza liko Kilimatinde. Nampigia mnunuzi simu, haipokelewi.